Sakafu ya Baba Mkwe

Siku tulipomzika baba mkwe wangu, viti vyote vya sebuleni vilitolewa vikapangwa uani chini ya turubai kwa ajili ya wanaume, na sisi wanawake tukabaki ndani kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, kama matanga yanavyotaka. Nje walikuwa wakipokezana kipaza sauti kumsifu. Alikuwa mtu wa sheria, walisema. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mtu akiingia kwake na viatu vya matope, alirudishwa mlangoni hata kama ni padri. Yote yalikuwa kweli, na kadiri walivyoyasema ndivyo nilivyozidi kushindwa kutulia. Niliinuka kwenda kuangalia chai jikoni, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena, mpaka mama mmoja akanivuta kitenge. "Mama Imani, ikala basi. Umeikaliya siafu?" Nikakaa. Lakini ile sakafu niliyokuwa nimeikalia naijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, naijua kwa viganja na magoti, na kuna jambo moja juu ya yule mzee ambalo hakuna aliyelitaja kwa sababu hakuna aliyelijua, isipokuwa mimi na mke wake. Mke wa mtoto hashiki kipaza sauti kwenye mazishi ya baba mkwe wake. Basi nitalisema hapa, ambapo hakuna wa kunivuta kitenge.

Ulikuwa mwaka wa mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Iga Barrière, na kwa kuwa barabara ilifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua lini, aliniacha Bunia kwa wazazi wake. Nyumba yao ilikuwa na sebule moja nzuri na vyumba viwili vya kulala ambavyo vilikuwa ghala zaidi kuliko vyumba. Chumbani kwangu kulikuwa na kitanda, sanduku la nguo, na magunia ya samaki wakavu ambao mama mkwe aliwauza sokoni; hata paka asingepata pa kujigeuza. Sebule ndiyo iliyokuwa na nafasi. Sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta mpaka ikang'aa, na aliyeimwaga ni baba mkwe mwenyewe, mwashi mstaafu, ambaye kazi ya kumwaga sakafu za watu ilikuwa imemla magoti yote mawili. Mama mkwe alikuwa akinywa chai ya maziwa asubuhi, anajitwika samaki wake, anaondoka akiwa bado anaongea, na harudi mpaka jioni, akiongea. Mchana kutwa tulibaki wawili nyumbani, baba mkwe na mimi.

Na kubaki wawili ni neno tu, maana tulikuwa tukiepukana kwa bidii. Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kuwekeana umbali. Sikumtazama usoni, naye hakunitazama. Nilimpelekea ugali wake na mboga ya lenga-lenga, naweka mezani, narudi nyuma, nasema "Karibu, Papa," kwa ukuta, natoka. Kitu hakikutoka mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Nilikiweka chini, nikaondoka, ndipo akakichukua. Yeye akiwa na la kuniambia aliwaambia kuku. "Nyinyi kuku, hakuna mutu anabapatia maji?" Nami nikiwa jikoni najua ni mimi naambiwa, nakimbilia kopo la maji. Usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa adabu, na kila mmoja wetu aliijua sehemu yake vizuri. Leo binti yangu Imani anakaa na baba mkwe wake kwenye kochi moja wakitazama mpira, wanabishana, na mimi nikiwatembelea bado huwa natafuta pa kuangalia.

Mimba ilipokomaa, mwili wangu ulipata mpangaji msumbufu. Chini kabisa ya mgongo, pale kiuno kinapoishia, palikuwa panauma kama mtu anapigilia msumari taratibu, bila haraka yoyote. Nikikaa panauma, nikisimama panauma, nikilala chali ndiyo usiseme. Miguu ya mtoto ilinipiga mbele, karibu na kitovu, na tumbo halikuwa la mviringo kama la wenzangu, lilibonyea katikati. Nilienda chooni, nikarudi, na kabla sijafika mlangoni nikageuza njia. Nilikula nimesimama, nimeegemea mlango wa jikoni, ndizi za makemba mkononi, macho barabarani, mguu huu, sasa mguu ule. Nilikuwa na hasira na kila kilichotulia: na jiko, na mlima, na watu waliokaa. Mama mkwe alinionea huruma kwa namna yake. Alinisukumia kiti chao kikubwa cha mito, kile cha wageni. "Weye, ikala! Muke wa mimba anazunguka sawa kuku anatafuta pa kutagia? Ikala, upumuzike." Kile kiti kilinimeza mpaka magoti yakawa juu kuliko kiuno, na hapo hapo msumari ukaanza. Lakini ulikuwa upendo, na upendo wa mama mkwe haukataliwi. Nilikaa humo siku nyingi nikisaga meno.

Mkunga wa pale nilipokuwa nikienda kupimwa aliitwa Mama Zawadi, mwanamke mpana mwenye mikono baridi ambaye kila mara alikuwa na karanga shavuni. Aliniminya tumbo huku na huku, akafumba macho, akatafuna kidogo.

"Kichwa iko chini, hiyo ni muzuri," alisema. "Lakini huyu mutoto amekuegemeya. Mugongo yake iko ku mugongo yako, uso inaangaliya mbele. Njo maana kiuno inakuuma."

"Ni mimi nilifanya mubaya?"

"Haukufanya kitu. Ku nyumba unaikalaka wapi?"

Nilipomweleza kiti cha mito alicheka karanga zikamtoka.

"Wachia bageni ile fauteuil. Weye, ikala ku kiti ya mbao, uegemeye mbele. Ukilala, lala kwa ubavu, uweke mutegemeo katikati ya magoti. Na kila siku ushuke chini, mikono na magoti, tumbo inaninginia, unatikisa kiuno pole pole. Kamata kitambaa, panguza nyumba sawa bamama ba zamani."

"Njo atageuka?"

"Pengine atageuka, pengine hapana. Iko batoto ba kichwa nguvu, siwezi kukudanganya. Lakini mugongo itapumuzika. Na ukiona damu, ao maji, ao mutoto ananyamaza, usingojee kesho. Kuya hapa."

Nilingoja baba mkwe ale, aingie chumbani kulala kidogo kama kawaida yake, nikafunga kitenge vizuri, nikashuka kwenye ile sakafu nyekundu na kitambaa chenye maji. Sijui nieleze vipi. Tumbo liliposhuka likaning'inia, ule msumari ukatoka, mara moja, kama vile kuna mtu ameuvuta. Mgongo ukawa wangu tena. Nilitikisa kiuno kama nilivyoambiwa, nikasukuma kitambaa mbele, nikakirudisha, na machozi yakanitoka kwa raha, yakaangukia saruji nikayapangusa pia. Siku chache zilizofuata niliishi kwa ajili ya saa ile ya mchana. Sakafu haikuwahi kung'aa vile. Mama mkwe alisema, "Aa, leo unaweza kujiangalia uso humu chini," akanisifu kwa majirani, nami nikaona nimepata dawa na sifa kwa pamoja.

Sasa mfikirie mwanamke mwenye tumbo kubwa, yuko kwa mikono na magoti katikati ya sebule, kitenge kimepanda, anatikisa kiuno na kuimba puani, na mlango wa chumba cha mzee uko nyuma yake. Nilisikia mlango ukifunguka. Nilisikia pumzi ya mtu aliyesimama ghafla. Nilikuwa nimempa mgongo, na hapo nasema mgongo kwa heshima tu. Mwanamke mwenye mimba ya namna ile hawezi kuruka akasimama. Anainuka kwa vituo, kama lori kwenye matope. Kabla sijafika hata kituo cha kwanza, nyayo zilirudi ndani, zikapita upande wa nyuma, mlango wa uani ukafungwa polepole. Nilibaki pale chini nikiwaka uso. Nilitamani ile saruji ipasuke initie ndani.

Kesho yake, alipomaliza kula tu, alivaa koti, akachukua kofia yake, akatoka. Keshokutwa vilevile. Mzee ambaye tangu astaafu hakutoka nyumbani ila kwenda misa, na ambaye kila hatua ilimuuma, sasa kila mchana alikuwa akienda barabarani na kurudi vivuli vikiwa virefu. Kuku nao hawakuulizwa tena habari za maji. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: amechukizwa kiasi kwamba hawezi kukaa chini ya bati moja na mimi. Nimemfukuza mzee wa watu kwenye nyumba aliyoijenga kwa magoti yake.

Haya ningeyabeba mwenyewe kimyakimya, lakini siku moja nikiwa chumbani nimelala kwa ubavu nilisikia mama mkwe na jirani yetu Mama Sofi wakichambua samaki chini ya dirisha langu.

"Muzee yako siku hizi iko anaenda wapi na ile kofia?" aliuliza Mama Sofi.

"Anatembeya tu."

"Kutembeya gani, na yale magoti? Iko kitu imemukwaza mu nyumba. Na weye unajuwa, baba mukwe akiweka kitu mu roho, mutoto anafungwa mu tumbo. Siye tulishaona. Muke ya ndugu yangu alikaa ku uchungu mpaka muzee akaletwa pale, akamusamehe, njo mutoto akatoka."

Mama mkwe alikohoa kicheko kidogo ambacho sikukielewa, kisha akahamisha mazungumzo kwenye samaki. Nami nikabaki na mkono juu ya tumbo. Mtoto ameegemea mgongo, hataki kugeuka. Baba mkwe ana kinyongo, hataki kukaa. Mambo mawili yalishonana kichwani mwangu yakawa moja, na hofu niliyoipata mchana ule sijapata kuiona tena, hata katika miaka mibaya iliyofuata. Utacheka. Mimi pia siku hizi nacheka, lakini mwenzangu, ukiwa na miaka ile, na mtoto wa kwanza ndani, na mume mbali, neno la jirani dirishani lina nguvu kuliko la mkunga.

Nikaacha sakafu. Nilidhani nikiacha, atakaa, atasamehe, mtoto atafunguliwa. Nilirudi kwenye kuzunguka: uani, jikoni, chooni, mlangoni, uani. Nilikunja vitenge vyangu nikavitia kwenye mfuko ili niende Mahagi kwa mama yangu, nikavikunjua, nikavikunja tena. Barabara haikuwa ya kupita na tumbo lile, kila mtu alijua, hata mimi. Nilimtumia mume wangu salamu kwamba niko sawa. Na baba mkwe? Aliendelea kutoka. Sijashuka chini, ametoka. Nimekaa kwenye kiti cha mito mikono mapajani kama mtakatifu wa kanisani, ametoka. Basi nikasema, kama ni maji nimekwisha kuyavulia nguo, wacha niyaoge. Nikachukua kitambaa nikarudi kwenye sakafu yangu, nikiwa na hofu palepale, lakini angalau bila msumari.

Halafu ikaja ile mvua. Alikuwa ametoka na kofia yake kama kawaida, mimi niko chini natikisa kiuno, mara bati likaanza kupigwa mpaka sikusikia hata pumzi yangu. Nikainuka kwa vituo vyangu kwenda kufunga dirisha la uani. Nikamwona. Hakuwa barabarani, hakuwa kwa rafiki yeyote. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati la jiko letu la nje, pembeni ya kuni, kofia imelowa imeshuka mpaka masikioni, maji yanamwagikia viatu. Kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua chache za mtoto. Amesimama ameipa nyumba mgongo, kama askari wa zamu. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumtazama tangu niolewe. Mtu aliyechukizwa nawe hasimami karibu namna ile.

Nikafungua mlango. Sikuwa na ukuta wa kuzungumza nao, mvua ilikuwa imefuta kila kitu, ikabidi nimpigie kelele mwenyewe.

"Papa, ingia! Utapata malaria!"

Hakugeuka. "Umemaliza?"

"Papa?"

"Ile kazi ya chini. Umemaliza?"

"Bado, Papa. Lakini mvua—"

"Mutoto anaangaliya wapi sasa?"

Nikashika fremu ya mlango. "Bado anaangaliya mbele."

"Basi, rudiya chini. Mvua ni maji tu. Funga mulango, baridi isikuingiye."

Nikafunga mlango. Nikarudi chini, na safari hii sikutikisa kiuno wala sikupangusa kitu, nilibaki tu kwa mikono na magoti nikilia kwa sauti, maana bati lilikuwa likipiga kelele na hakuna ambaye angesikia. Nilikuwa na aibu, na furaha, na huruma kwa vile viatu vyake.

Jioni mama mkwe aliporudi nilimshika jikoni kabla hajatua samaki. Akakiri akicheka, huku akipanga kuni. Siku ile ile mzee aliponiona, alikuwa amemwuliza mkewe: huyu mtoto anatafuta nini chini, amepoteza hereni? Mkewe akamweleza maneno ya mkunga. Mzee akasema kwamba mtu hawezi kukaa kwa namna ile akijua baba mkwe yuko nyuma ya mlango, kwa hiyo yeye atakuwa anatoka. Na wala nisiambiwe, kwa sababu nikijua kwamba yeye anajua, nitaona haya, nitaacha. "Njo nilinyamaza," alisema mama mkwe, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza kwa lolote. "Siku za kwanza alikuwa anaenda kuikala ku atelier ya ule menuizier wa pale chini, fundi wa viti. Kisha magoti ikakataa. Njo akawa anajificha pale ku jiko, anangojea." Nikamwuliza kuhusu maneno ya Mama Sofi. Akapuliza moto. "Sofi anasemaka sana," alisema, na ikabidi nigeuke nicheke.

Mtoto hakugeuka. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu hadithi kama hizi huwa zinapenda kumgeuza. Uchungu ulikuwa mrefu, wote mgongoni, na Mama Zawadi aliniacha nipige magoti juu ya mkeka, mikono kwenye ukingo wa kitanda, akinikandamiza kiuno kwa viganja vyake baridi na kusema, "Pole pole, mama, pole pole, huyu anakuya na njia yake." Imani alitoka uso juu, macho wazi, akitazama dari ya watu kana kwamba anaikagua. Tulikuwa wazima wote wawili. Mama mkwe alicheza pale pale kwenye korido, mikono juu, mpaka akaombwa atoke nje.

Tuliporudi nyumbani nilikaa sebuleni na mtoto, kwenye kiti cha mbao. Mchana, baba mkwe alimaliza kula, akavaa koti, akachukua kofia. Sikuwa tena na sababu ya kushuka sakafuni, lakini nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha, na yeye alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo: nitahitaji sebule, basi yeye atatoka, na kesho, na miezi ijayo, mpaka mtoto aache ziwa. Nilitaka kumwambia asiende. Lakini ujasiri wa siku ya mvua ulikuwa umekauka pamoja na mvua. Nikafanya nilichokijua. Nilitandika mkeka katikati ya ile sakafu, kati yake na mlango, nikamlaza Imani juu yake, nikarudi nyuma mpaka ukutani, kama mtu anavyoweka kitu cha baba mkwe wake.

Alisimama na kofia mkononi. Mtu mwingine angeinama akamchukua mtoto, lakini mgongo wake na magoti yake havikuwa vya kuinama. Kufika chini, kwake, kulikuwa na njia moja tu, ile aliyomwagia sakafu za mji mzima. Akatua goti moja, akangoja maumivu yapite. Akatua la pili. Kisha mikono. Akawa pale, mzee wa sheria, kwa mikono na magoti mbele ya mke wa mtoto wake, koti limepanda, viraka vya suruali vinaonekana, kofia imebiringika mpaka chini ya meza na hakuifuata. Alimsogelea mtoto hivyo hivyo mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa Imani, na Imani, ambaye alizaliwa akitazama juu, akamtazama.

Nilijua sitakiwi kuona. Nikaanza kuambaa ukuta kwenda mlangoni, taratibu, ili nimwachie nafasi.

"Bakiya," alisema, bila kuinua kichwa. "Weye pia ni mutoto yangu."

Nikabaki.